Ngoma ya Jairus Iko Chini ya Kitanda Changu

Mpendwa Shangazi Dorothy, naomba unisaidie kwa sababu hata kusali nimeshindwa. Tulikuwa marafiki watatu tangu shule, mimi, Sydney na Jairus, na Jairus ndiye alikuwanga mpigaji wetu wa isukuti, ngoma aliyoachiwa na babu yake. Mwaka huu tukapata nafasi kwenye tamasha la sanaa la usiku kucha hapa Kakamega mjini, lakini figo zikamlaza Jairus hospitalini, na siku ya mwisho nilipomwona alinishika mkono akasema, "Gentrix, hata nikikosekana, ngoma yangu isikike hiyo usiku." Akafa, mazishi yakapangwa Jumamosi kwao Mukumu, na tamasha ni Ijumaa, yaani usiku ule ule wa kukesha na mwili. Ngoma ilikuwa kwa Sydney kwa ajili ya mazoezi, maana ndiye angeipiga, tukaambiana tucheze saa tatu, tupande boda, saa tano tuwe matangani, na mama yake, Mama Zilpah, hatukumwambia kwa sababu tuliogopa atakataa. Shangazi, stima ikapotea, washairi wakapewa muda wetu, tukaitwa jukwaani saa kumi alfajiri, na simu nilikuwa nimezima. Tulifika Mukumu saa mbili asubuhi nikiwa bado na rangi usoni, tukaambiwa wazee walingoja ngoma usiku mzima, maana kwao mpigaji hulala usiku wake wa mwisho ngoma yake ikilia kando ya jeneza, na Mama Zilpah aliitafuta nyumba nzima mpaka darini jikoni, mwishowe wakapiga jerikeni ya maji. Jerikeni, Shangazi. Mama aliniangalia tu akasema, "Mumekuja? Uji iko." Sikuunywa. Sasa ni miezi mitatu, hajauliza ngoma na mimi sijarudi, Sydney anasema tukae nayo ni kumbukumbu, mwakani tucheze tena. Siku ile niliona aibu kuitoa nikarudi nayo mjini, iko chini ya kitanda changu na silali. Na kuna kitu sijaambia mtu: tulipokuwa tunacheza nilifurahi, nikasahau kabisa kwamba amekufa. Nifanye nini?

Gentrix, Kakamega

Gentrix mwanangu, pole kwa kufiwa. Sasa acha nikugombeze. Jairus alikuambia ngoma isikike, hakukuambia uifiche. Kosa lenu si kucheza, ni kuogopa kumwuliza mama mwenye msiba. Pengine angekataa, pengine angewaruhusu. Nyinyi hata nafasi ya kukataa hamkumpa. Na simu hukuisahau, uliizima, na unajua kwa nini.

Huyo Sydney mwambie kumbukumbu haiwekwi chini ya kitanda. Ngoma ina kwao, na si kwako.

Kule kufurahi kusikutese. Sisi tunalia na kucheza kwenye uwanja mmoja, hata babu zetu walifanya hivyo. Ulimchezea rafiki yako kwa moyo wote, ila mbali na wale waliokuwa wakikungoja.

Jumamosi hii mwende Mukumu, nyote wawili, mchana. Usitume mtu. Usiifunge ngoma kwenye gunia kama kuku wa wizi, ibebe wazi, majirani waione ikirudi. Mkifika, usianze na maneno ya hospitalini, kwamba Jairus alisema hivi na vile, maana hapo utakuwa unajitetea. Sema, "Mama, tulikosa," halafu nyamaza. Akiwagombeza, gombezweni. Akikupa jembe, lima. Akitaka ipigwe kaburini, Sydney apige mpaka mama mwenyewe aseme basi. Usimwahidi kwamba kesha lile litarudi, kwa sababu halirudi.

Tena kumbuka alikuambia uji uko. Mama aliyekufungia mlango hakuambii habari ya uji. Miezi mitatu umemwacha na kikombe chako, nenda ukaketi naye unywe.

Na iko siku atakuuliza ngoma ya mwanawe ililiaje usiku ule. Ataulizia tu, ni mama. Siku hiyo usiinamishe kichwa. Mwambie ilivyolia.