Nyangi Aliyesifiwa Kunona

Iringo, Musoma

Mdogo wangu Estha,

Uniwie radhi kwa ukimya wangu mrefu. Barua zako zimenifikia, nami sina utetezi wa kutozijibu. Je, mgongo umepona? Na wodi ya wazazi huko Korogwe bado inakunyima usingizi? Mimi ni mzima. Sabuni imeonekana tena madukani tangu waruhusu watu kuingiza bidhaa, lakini chai bado ninainywa bila sukari mara nyingi.

Leo ninakuandikia kwa kuwa wewe ni mkunga, nami nina maswali.

Mwenye nyumba ninayopanga ni mjane, Mama Wakuru. Alizaa mabinti watupu, na wote wameolewa. Huku mama wa namna hiyo anaruhusiwa kuoa. Usicheke. Alipeleka ng'ombe kwa wazazi wa Nyangi, Butiama, akamleta binti huyo nyumbani kuwa mke wake. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ya Mama Wakuru. Mwanamume aliyempa mimba ukoo unamjua, ila hatajwi. Mwanzoni nilishangaa, siku hizi ninauliza tu, nao wananijibu bila haya.

Mimba ilipoingia mwezi wa saba, uso wa Nyangi ulianza kujaa. Katika miaka hii ya foleni za unga, uso uliojaa ni sifa kwa mwenye nyumba. Jirani alisema, "We mama, huyu unamlishaga nini? Amenona hivi!" Mama Wakuru akaringa: "Sato! Mke wangu halalagi njaa." Viatu vya Nyangi vilipokataa kuingia, alimnunulia kandambili kubwa kwa furaha ileile.

Jana Nyangi alikuwa akichambua dagaa uani, jua likiwa utosini. Akaniambia, "Mwalimu, naona vimulimuli."

"Mchana huu?"

"Mchana huu. Na kichwa kinagonga toka jana."

Mama Wakuru alisema ni jua tu. Nikamwambia naye avae, tunampeleka Nyangi hospitali. Alinuna, lakini alivaa.

Muuguzi alipima presha, akaipima tena. Kisha akaomba mkojo. Vijiti vya kupimia havikuwapo, basi akauchemsha katika kichupa chembamba cha kioo juu ya mshumaa, akadondoshea dawa yenye harufu ya siki. Mkojo ukageuka mweupe, mzito, kama ute wa yai linaloiva. Estha, nilisogea mpaka akaniambia nisimzibie mwanga! Alisema ni protini inayovuja kutoka kwenye figo. Inavujaje? Na mtoto aliye tumboni anaipandishaje presha ya mama yake? Wewe tangu utotoni ni mvivu wa kuandika kwa kirefu. Safari hii jitahidi.

Daktari, kijana kutoka Songea, alikuja akauliza, "Mume wake yuko wapi?"

"Mume ndiyo mimi," alisema Mama Wakuru. "Ng'ombe nilitoa mimi. Sema."

Daktari akamtazama muuguzi. Muuguzi, mtu wa Bunda, akacheka. "Daktari, ndiye huyo. Haya, Baba Wakuru, kaa usikie."

Daktari hakuzungusha maneno. Alisema kifafa cha mimba kiko karibu. Dawa za kushusha presha na za kuzuia degedege zipo kidogo, lakini haziponyi. Kinachoponya ni kuzaa. Wanaweza kumwanzishia uchungu sasa, mtoto akiwa bado njiti, na mashine ya joto imeharibika. Atafunikwa kwa pamba na kuwekewa chupa za maji moto. Au wamlaze katika chumba chenye giza na utulivu, wangoje mtoto akue, na kifafa kinaweza kutangulia.

"Mtoto atapona?" aliuliza Mama Wakuru.

"Akitoka sasa, sijui. Tukingoja, huenda tukawakosa wote wawili."

"Huyo nimemngoja miaka yote. Ngojeni."

Nyangi alikuwa amelalia ubavu wa kushoto kama alivyoagizwa. Akafumbua macho. "Mama, ng'ombe ulitoa. Lakini kichwa kinachouma ni changu. Mbona mimi hamniulizagi?"

Mama Wakuru alitoka, akaketi kwenye ngazi peke yake. Nilidhani amekasirika. Aliporudi alimwambia daktari, "Mwulize yeye. Atakalosema, mimi nitatia dole gumba."

Kwa dawa walizompa, presha imeshuka kidogo. Daktari anataka jibu jioni ya leo. Nimerudi nyumbani kumpikia Nyangi uji, nao unachemka ninapoandika. Nilipomwacha alikuwa akimwuliza muuguzi mtoto wa umri huo huwa mkubwa kiasi gani. Muuguzi akamwonyesha kwa viganja. Nyangi akavitazama sana, na Mama Wakuru, upande wa pili wa kitanda, akavikunjua vyake pia, akavipima.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu, na binti yako anayesomea uuguzi. Hata yeye akiyajua majibu, aandike.

Nyangi akishaamua, maana sasa ni yeye, nitakuandikia.

Dada yako,
Leya