Majani Niliyoyakata Ng'ambo ya Mpaka

Kwa jina la Mungu Mwenyezi, aliyetulinda tukienda na tukirudi.

Mwanangu mpendwa Aikaeli,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Mama yako hajambo, migomba inazaa, na ng'ombe tunamkamua. Umeuliza kama mumeo atapokelewa hapa Machame mtakapokuja Desemba. Kabla sijakujibu, yapo ya kukumbushana.

Unakumbuka majira yale ya joto tuliyokaa kwenu Ujerumani, katika kijiji kisicho na kelele ila kengele ya kanisa. Jua lilichelewa kuzama hata mama yako akauliza, "Hawa watu hulala saa ngapi?" Asubuhi ulitusomea Neno, mchana tulimenya viazi barazani. Nilikula chakula cha Jonas bila kumwita mkwe hata mara moja. Mlifunga ndoa kabla wazee hawajakutana, nami nilikwambia, "Mtu asiye na kihamba, shamba la ukoo, hajui mpaka."

Kisha likaja jambo la majani. Ujuavyo wewe, Jonas aliyakata majani ya mzee jirani yenu, yale aliyoyaacha makusudi mpaka ndege waliotaga humo waangue. Ulimkaripia mbele yetu: "Jonas, wewe umezaliwa hapa! Hata baba yangu, mgeni, asingefanya hivyo." Akainamisha kichwa, akasema kwa Kiswahili chake alichojifunzia Moshi, "Nimekosa." Siku mbili akaenda kumpangia mzee yule kuni.

Mwanangu, niliyekata ni mimi. Niliamka mapema, nikaona majani marefu, wala mpakani hapakuwa na ua wala masale, mimea yetu ya kuwekea mipaka. Kwetu kina mama huyafuata majani ya ng'ombe hadi tambarare. Niliona ni dhambi yale kuharibika. Jonas alinikuta na mundu mkononi, akaupokea. Nilipomsikia akilibeba kosa langu, nilinyamaza, mimi ninayewafundisha watoto wa kipaimara amri ya kutosema uongo.

Mama yako alijua. Ndani ya ndege ya kurudi aliniambia, "Baba Aikaeli, mundu haujishiki wenyewe." Nikajifanya nimesinzia.

Katika barua hii nimekunja jani la sale, nililolikata mpakani mwa kihamba chetu. Unajua kwamba kwetu anayeletewa sale huwa hakatai kusamehe, na kwamba aghalabu mdogo ndiye humpelekea mkubwa. Safari hii mkubwa ndiye mkosaji. Mpe Jonas mkononi, umsomee barua hii yote, hata pale inaponiaibisha. Asipolipokea, sitamlaumu, na ndoa yenu nimeibariki hata hivyo. Akilipokea, mwambie nitamngoja mwenyewe pale njia inapoingia nyumbani.

Mungu akutunze wewe na mumeo, adumishe amani chini ya paa lenu, amkumbuke na jirani yenu pamoja na ndege wake.

Ni mimi baba yako,
na baba mkwe wa Jonas.