Ulikuwa Ukiwaambia Nini Wateja?

Baba Saumu,

Nimepata kazi. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwepo ungesikiliza sentensi moja tu, ukaitikia kwa kichwa, ukaenda kuangalia mbuzi. Na kazi yenyewe ni ile ya kwako, ya kuwauzia wakulima mbegu. Mbegu zilezile, njia ileile ya kupanda Lukozi mpaka Mlalo, na pikipiki ileile ambayo breki yake ya nyuma inalia. Leo huna pa kukimbilia, kwa hiyo utanisikiliza mpaka mwisho.

Mambo yalianzia msibani kwako. Nilikuwa nimekaa ndani na wanawake wenzangu, nimejifunika kanga, nikasikia wanaume wageni huko barazani wanasimulia. Mmoja alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Yule bwana alikuwa na maneno yule," akasema. "Ukishampa kiti, siku yako imekwisha." Nikajua wamepotea njia. Hukupata habari hii, lakini wiki ileile alifariki pia fundi cherehani wa kule bondeni, yule aliyekuwa akimtania kila anayepita, na nyumba zetu zinaachana kwenye njia panda moja. Nikamtuma Saumu akawaelekeze. Saumu akaenda, akakawia, akarudi ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa. "Mama, hawajapotea," akaniambia. "Wanamsema Baba."

Wewe. Mtu niliyekaa naye ndoa nzima, na jioni nikimuuliza huko kulikuwaje ananijibu "kwema," basi, habari imeishia hapo. Sisemi ulikuwa mume mbaya. Hukuwahi kunipandishia sauti, na mvua ya masika ikinyesha ulikuwa unatoka wewe kufungua mitaro ya shamba, mimi nikiwa bado nimelala. Lakini mcheshi? Watu walikuwa wanalia kwa kicheko msibani kwako, na mimi mkeo sikuwa na kisa hata kimoja cha kuwachangia.

Eda nzima niliishi na jambo hilo. Waliokuja kunipa pole walidhani kazi yangu ni kulia tu. Nililia, sikudanganyi, kuna asubuhi nilikuwa nashindwa hata kufungua macho. Lakini katikati ya kulia nilikuwa nawaza: alikuwa akiwaambia nini? Anaanzaje? Anasimama au anakaa? Utani wake ulikuwa wa namna gani? Niliona aibu kuwa na udadisi wa namna hiyo kabla hata udongo wa kaburi haujakauka, lakini ndivyo nilivyo, na wewe unanifahamu.

Eda ilipokwisha, Saumu akaja na habari kutoka mjini Lushoto. Kampuni ilikuwa bado haijapata mtu wa nafasi yako. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa duka la pembejeo: anatafutwa afisa mauzo, awe anaijua milima na anakijua Kishambaa. Nikamwambia Saumu aniandikie barua ya maombi. Tulihitaji mshahara, hilo sifichi. Ila nilichokitaka zaidi ni kupita ulikopita wewe. Akipewa mtu mwingine, ningebaki mjane wa mtu nisiyemjua.

Walipoita kwa usaili, Saumu akajifanya meneja. Si unajua anavyopenda kuamrisha. Alikaa kwenye kiti chetu kizuri, akakunja miguu, mimi nikawekwa kwenye kigoda. "Mama, usiangalie chini." "Mama, usicheze na kanga." Akaniuliza udhaifu wangu ni nini. Nikamwambia ninauliza maswali mno. Akasema hapana, mtu hasemi udhaifu wa kweli, anasema anajituma kupita kiasi. Nikamuuliza nani kamfundisha hivyo, na huyo aliyemfundisha alipata kazi? Akakata tamaa na mimi, akaenda kupika.

Nikaona nikajiandae kwa watu waliokuwa wakikusikia. Nilikwenda Mlalo kwa Mzee Shemhilu, maana Saumu aliniambia kule msibani yeye ndiye aliyekuwa akicheka akikohoa. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama. Nilipomtajia jina lako akasimama kabisa, akanisalimu upya kwa Kishambaa. "Onga mshi, mwanangu. Kumbe ndiye wewe Mama Saumu wa kabichi!"

Mimi, Baba Saumu, ni Mama Saumu wa kabichi. Mlalo nzima inajua, isipokuwa mimi.

Mzee akanieleza ulivyokuwa ukifanya. Kwanza huzitoi mbegu. Unakunywa uji, unauliza mvua imekujaje, ng'ombe amezaa nini. Halafu unaanza, "Kule nyumbani nina hakimu." Unasimulia jinsi hakimu huyo, yaani mimi, alivyopelekewa mbegu fulani, akaipanda, kabichi zikapasuka kabla ya kufika gulioni, akang'oa tuta zima akawapa mbuzi bila kusema neno, na wewe ukajua hukumu imetoka. Ile ya msimu uliofuata aliipanda mara mbili, basi hiyo ndiyo uliyowaletea. Mzee alikuwa akiigiza sauti yako. Nilicheka, kisha nikajiona nacheka, nikanyamaza.

Zile pakiti za mbegu ulikuwa unaziweka dirishani bila neno. Mimi nilidhani ni mabaki ya kazini, umeona usitupe. Jumapili unakuja shambani, unasimama ukingoni mwa matuta, mikono nyuma, unatazama tu. Nikawa nakasirika, nikidhani unakagua palizi yangu. Kumbe ulikuwa unasomea kazi.

Siku ya usaili nilivaa lile gauni la Idi na koti lako la baridi. Walikuwa wawili: meneja, mama mmoja wa Arusha, na kijana mmoja wa Tanga anayesimamia mauzo. Niliwasalimu vizuri, nikakaa, nikataja jina langu na elimu yangu, yaani kidato cha nne. Mpaka hapo hakukuwa na shida. Kisha wakaniuliza kwa nini nataka kuuza, nikayatoa yale ya Saumu, kwamba mteja ni mfalme na mimi ninajituma kupita kiasi. Baba Saumu, niliyasikia maneno yakianguka mezani. Kijana akaangalia simu yake. Nikajua naikosa kazi, na wewe nakukosa mara ya pili.

Yule kijana akaweka simu chini, akaniuliza kwa upole, lakini swali lenyewe halikuwa na upole: "Mama, tukikupa kazi hii, watu watakununulia kwa huruma. Huruma ikiisha, utafanya nini?"

Ndilo swali nililokuwa naliogopa. Nikamwambia, "Huruma waliniletea msibani. Ilikuwa unga na maharage, tukapika, tukala, ikaisha. Hakuna anayenidai wala ninayemdai. Mtu akinunua mbegu mbovu kwangu kwa huruma, mwakani ataniamkia tu na kunipita." Hakucheka, lakini simu hakuishika tena.

Ndipo meneja akauliza, "Mteja akikwambia karoti zake za mwaka jana zimeota miguu, utamwambiaje?" Nadhani alitaka niombe radhi, nisifie kampuni. Mimi nikasahau kama niko kwenye usaili. Nikamuuliza, "Ziliota miguu mingapi? Miwili, au zimejikunjakunja?" Akasema miwili, mitatu. Nikamuuliza udongo ulikuwa wa namna gani, aliuchimba kwenda chini kiasi gani, aliweka samadi gani. Akawa anajibu haraka mno, bila kubuni, nikashtuka. "Samahani mama," nikamwambia, "hizi karoti ni zako?" Akainamisha kichwa akacheka. Zilikuwa zake, nyuma ya nyumba, na samadi aliitoa zizini asubuhi ileile akapanda mchana.

"Basi tumeipata," nikasema. "Samadi ilikuwa mbichi."

Yule kijana akauliza, "Kwa hiyo unamuuzia nini sasa?" Nikamwambia karoti simuuzii. Namuuzia kabichi msimu huu, samadi yake ikae mpaka iive, karoti aninunulie baadaye. Na nikirudi nitataka kuziona. Meneja akaandika kitu. Sikukiona, ingawa niliinua shingo.

Walinipigia nikiwa bondeni, mikono ina matope mpaka kwenye viwiko. Niliposikia nimepata sikupiga vigelegele. Nilikaa kwenye tuta la vitunguu, nikavivunja viwili vitatu, nikabaki nimekaa hapohapo.

Pikipiki nimejifunza kwenye uwanja wa shule, na Saumu akanicheka hadharani. Sasa ninapita kotekote ulikopita. Nawasalimu, nakunywa uji wao, nauliza. Wananisimulia wewe, na mimi nawasimulia hakimu, maana siwezi kuacha hadithi nusu. Nimegundua kitu. Jioni nikifika nyumbani sina neno hata moja. Juzi Saumu aliniuliza habari za safari, nami nikamwangalia tu huku natamani kikombe cha chai. Kinywa kilikuwa kimechoka, kweli kabisa, mashavu yanauma. Nikakaa nikakufikiria. Swali langu la ile "kwema" yako lilijibiwa nikiwa nimeshika kikombe.

Nilidhani limeishia hapo. Lakini wiki iliyopita nilipita tena kwa Mzee Shemhilu, naye alikuwa ameenda gulioni. Mkewe akanivuta jikoni tukaketi karibu na moto. Akasema kuna jambo alikuwa akijiuliza kama aniambie au aliache. Siku moja alikukatiza katikati ya kisa, akakuuliza, "Wewe baba, hizi sifa zote unazommwagia mkeo huku kwetu, mwenyewe umeshamwambia?" Eti ulishangaa, ukamwangalia kama ameuliza jua linachomozea wapi, ukasema, "Yeye anajua."

Sikujua, Baba Saumu. Nakuambia bila hasira, kwa sababu hasira ilinitoka palepale jikoni, nikalia mbele ya sufuria ya maharage ya watu. Nilikuwa naziona pakiti dirishani, sikujua zinasema nini. Ningependa sana kujua. Ningependa ungeniambia hata mara moja, hata kwa kununa, hata ukiwa umenipa mgongo unafunga mbuzi.

Sasa pumzika. Mungu akuweke mahali penye nafasi na watu wa kuongea nao, maana nimeambiwa maongezi unayaweza. Wateja wako nitawatunza, na hukumu za shambani nitaendelea kuzitoa. Na kuna jambo moja nakuahidi. Jioni nitakunywa chai kwanza, mashavu yapumzike, halafu nitamwita Saumu akae karibu nimwambie kwa mdomo wangu mwenyewe ninavyomwona. Yeye hatasubiri kuambiwa na wateja.

Mkeo,
Mama Saumu