Mtama Mchungu wa Ndama

Mjukuu wangu Idi,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Mama yako hajambo, na mdogo wako ameota jino. Swali lako lakini limenichoma. Unauliza kwa nini tunang'ang'ania mtama mwekundu mchungu, wakati huko Tabora umeona mweupe, mtamu, na unataka kutuletea mbegu.

Baba yangu aliuliza vivyo hivyo. Alikuwa na duka hapa kijijini Ndama, mtu wa pwani, na mtama wa hapa alisema ni dawa, si chakula. Jirani yetu, Bibi Kokushubira, alikuwa akitafuna punje moja ya kila suke. Ikiwa laini na tamu, suke lilikwenda jikoni. Ikiwa ngumu na chungu, alilitunza kwa mbegu. Baba alimcheka mbele ya watu, nami nikacheka. Akaagiza mbegu nyeupe, akazigawa, na watu wakapanda kwa sababu yeye ni tajiri.

Mvua ikanyesha masuke yakikomaa. Ule mweupe ukashika ukungu, ukaoza ungali shambani. Mwekundu ulinyeshewa mvua ile ile, ukungu haukuuweza. Uchungu wake ndio uliokuwa ngao.

Baba akasema mtama umeoza kwa sababu watu wa hapa ni wavivu. Aliyasema hayo akinywa uji wa Kokushubira, maana mtama wetu ulioza na dukani hapakubaki kitu. Nimezeeka, na bado nikilikumbuka bakuli lile hasira inanipanda.

Basi lete mbegu zako. Ila kabla hujamgawia mtu, mpelekee mjukuu wa Kokushubira azitafune. Akizitema kwa utamu wake, usicheke.

Babu yako