Simu ya Katibu Haizimwi

Jumatatu, 17 Machi

Simu kwenye waya wa sola tangu saa moja. Saa nne imeingia asilimia kumi na mbili tu. Wingu limekaa juu ya migomba, halitaki kuondoka. Nimempa Mama uji, amekunywa vijiko vinne. Nimemgeuza ubavu. Nimerudi kwenye simu: kumi na mbili ile ile. Nimekigeuza kibao cha sola kikitafute jua ambalo halipo. Upuuzi mtupu.

Betri imezeeka. Nikiongea na watu wawili, chaji inakwenda kama maji kwenye kikapu. Ningekuwa mtu wa kawaida nisingejali. Lakini mimi ni katibu wa kikundi cha kuzikana. Mtu akifa, wafiwa wananipigia mimi, nami nazipigia kaya arobaini na moja, moja baada ya nyingine. Wengi wana vitochi, simu ndogo za vibonyezo, mambo ya grupu la WhatsApp hawayajui. Ukatibu wangu hauko kwenye daftari. Uko kwenye betri hii.

Jumatano, 19 Machi

Msiba kwa Severini, mama mkwe wake. Simu imezima nikiwa kaya ya kumi na tisa. Zilizobaki nimezifuata kwa miguu na mvua yote hii, hadi ng'ambo ya kilima upande wa Rugu. Nimefika msibani nimelowa, watu wameshaanza kumenya ndizi.

Ta Kalokola, mwenyekiti, amesema mbele ya kadamnasi: "Katibu, tukutafutie msaidizi?" Nimekataa. Nimesema tatizo ni betri, si mimi. Wamecheka. Nimechukia hadi sasa naandika nimechukia.

Msaidizi wa nini? Taarifa ikitoka vinywa viwili inaharibika. Kuna siku mtu alitangaza kwamba Ta Gosbert amefariki, kumbe anaumwa tu. Watu wakaja na ndizi na kuni, kina mama wanalia tangu barabarani, wakamkuta marehemu amekaa kitandani anakunywa chai. Ndipo tukaweka sheria: bila simu ya katibu, hakuna msiba. Hata ukisikia kilio, subiri simu. Niliiandika mimi kwa mkono wangu, na ninajivunia.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda Nyaishozi, mjini. Fundi simu ana betri kubwa, nene mara mbili ya ile ya kwanza, inakuja na mfuniko wake wa nyuma wenye tumbo. Simu sasa ni kama kipande cha sabuni ya mche. Alitaka kuniuzia pawa benki. Nimesema hapana, kitu kingine tena cha kuchajiwa?

Ameniambia: "Mzee, ijaze mpaka mwisho, halafu iache ife yenyewe kabisa. Fanya hivyo mara tatu. Simu bado inaijua betri ya zamani. Usipofanya hivyo, asilimia zitakudanganya."

Nimemjibu simu yangu haizimwi. Niizime, halafu mtu afe siku hiyo hiyo? Amecheka, akasema haya mzee, wewe ndiye mwenye simu. Vijana wa siku hizi wanajua kila kitu.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ya tatu bila kuichomeka. Asilimia sabini na moja! Jana baada ya misa nimewaonyesha wenzangu, hata Ta Kalokola ameishika. Yake ilikuwa imezima mfukoni. Nimeringa kidogo, Mungu anisamehe, ni Kwaresima.

Mama ameipima mkononi. "Waitu, mwanangu Deo, hili ni tofali." Amecheka mpaka akakohoa. Muda mrefu sijamsikia akicheka.

Ijumaa, 28 Machi

Ajabu. Asubuhi ilisema arobaini na nne. Mchana nimeitoa mfukoni, imekufa. Nimeichomeka, ikawaka, ikasema arobaini. Labda niliibonyeza vibaya. Labda ni baridi. Hakuna aliyenitafuta, kwa hiyo hakuna kilichoharibika.

Sijamwambia hata mke wangu, Justa. Kurudi kwa fundi siwezi. Nitamwambia nini, na alishaniambia?

Jumapili, 30 Machi

Nimeijaza. Mia. Sasa ni kuangalia tu.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika yote.

Alfajiri simu ilisema hamsini na nane. Nikaitia kwenye koti, nikashuka bondeni kupalilia maharage, shamba lile la mbali. Koti nimelitundika kichakani. Justa alikuwa amekwenda sokoni. Siku nzima simu kimya. Nilishukuru. Kweli kabisa, nilisimama katikati ya maharage nikasema asante Mungu kwa siku ya amani.

Nimepanda nyumbani saa kumi na moja jioni. Justa yuko mlangoni, hajavua hata kitenge cha sokoni. "Ulikuwa wapi? Ta Zakaria amezikwa."

Amezikwa. Si amekufa. Amezikwa.

Mwenzetu wa kikundi, alifariki usiku kwake kule Rugu. Alikuwa amevimba, mwili haukuweza kulala hadi kesho, mchungaji akasema azikwe leo leo. Mjane wake, Ma Adera, amenipigia tangu saa kumi na mbili asubuhi. Akamtuma mkwewe kwa pikipiki mpaka hapa. Amepiga hodi, amezunguka nyumba, akaondoka. Mama alikuwa ndani. Aliitika, anasema aliitika kwa nguvu zake zote. Sauti haikufika mlangoni.

Majirani zao walisikia kilio. Walisubiri simu ya katibu. Sheria.

Nimetoa simu kwenye koti. Nyeusi. Nimeichomeka. Ikawaka, ikaniambia hamsini na mbili. Nimeitupa kitandani. Nilitaka kuipasua kwa jembe.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekwenda kwa Ma Adera. Njia yote sikujua nitasema nini. Nimetoa shikamoo kwa sababu ni mkubwa kwangu. Ameitika marahaba kwa sauti ndogo.

Hakulia. Amesema: "Waliochimba ni wanangu na mkwe wangu. Wanangu wamemchimbia baba yao kaburi, Deo."

Kwetu mfiwa hachimbi. Mfiwa anakaa, watu ndio wanachimba. Ndiyo maana ya watu. Watoto wa Ta Zakaria wamechimba wakilia, udongo wanaurusha huku wanalia, halafu wakanawa mikono wakambeba. Nilitaka ardhi inimeze. Haikunimeza, nimerudi kwa miguu yangu.

Jumapili, 6 Aprili

Kikao uani kwa Ma Adera baada ya ibada zote, Wakatoliki na Walutheri pamoja. Nimejitetea. Nimesema betri ilisema hamsini na nane, kila mtu angeamini. Wengine walianza kutikisa vichwa kunihurumia.

Ma Adera akauliza kutoka kwenye mkeka: "Ilikuwa haijawahi kukufanyia hivyo?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna aliyejua. Nimesema ilishawahi. Nimesema na la fundi. Hata waliokuwa wananihurumia wakaangalia chini.

Hukumu: nimevuliwa ukatibu. Miezi mitatu nje ya kikundi. Sitaitwa msibani, na kwangu ukitokea msiba hawaji. Ukatibu amepewa Severini. Ana kitochi chakavu, nambari zimefutika, kinakaa na chaji siku tano.

Miezi mitatu. Mama hana miezi mitatu. Kila aliyekuwa pale anajua.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimeiacha simu ife. Nimeijaza, nimeiacha ife tena. Fundi alisema mara tatu. Sasa naweza, hakuna anayenitafuta.

Mama hali uji. Anakunywa maji kwa kijiko. Leo ameuliza: "Watu watakuja?" Nimesema watakuja, Mama. Amenitazama muda mrefu. Masikio yake bado mazima, na Justa analia jikoni kila siku, atakosaje kujua?

Mama alianzisha kikundi hiki na wanawake wenzake, zamani, hakikuwa na jina wala katiba. Mtu akifiwa, walikuwa wanabeba ndizi na kwenda. Sisi wanaume tuliingia baadaye na madaftari yetu.

Naogopa. Siogopi kufa kwake, miaka yake imetosha. Naogopa kumpeleka kaburini migombani mimi na Justa peke yetu.

Jumamosi, 12 Aprili

Imetimia mara tatu. Asilimia sasa zinashuka vizuri, moja moja, haziruki. Sabini ni sabini. Ilikuwa kazi ya siku chache tu. Siku chache! Mdharau mwiba mguu huota tende. Kwangu umeota, lakini anayeumia ni Mama.

Nimekwenda kwa Ta Kalokola kumwomba. Si kwa ajili yangu, nimesema, kwa ajili ya Mama. Amenipa kiti, amenipa na togwa. Amesema, "Nikikulegezea wewe, nitamwambia nini Adera?" Nimemaliza togwa nikaondoka.

Jumanne, 15 Aprili

Mama amefariki asubuhi, saa mbili. Nilikuwa nimemshika mkono. Alivuta pumzi, nikasubiri nyingine.

Justa amelia kwa sauti. Kilio kimekwenda bondeni, kikapanda kilima cha pili. Nimesimama uani. Nimeona watu wametoka nje ya nyumba zao. Wamesimama. Wamerudi ndani.

Nimempigia dada yangu, yuko Kyerwa, amesema anakuja na mumewe. Nimempigia Severini. Amesema, "Katibu... samahani, Deo. Pole sana." Halafu, "Unajua siwezi." Najua. Nimempigia padri, amekubali kesho saa nane.

Saa sita, hakuna mtu. Saa saba, hakuna mtu. Mvua imetishia, ikaacha. Nimechukua jembe nikaenda migombani, pale alipolala Baba. Nimefyeka. Nimepiga jembe la kwanza. Nilikuwa nalia kama mtoto na sijali.

Ma Adera amenikuta hapo. Bado yuko kwenye msiba wake, hakupaswa hata kutoka nyumbani. Amekuja kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani. Ameutua. Amenipokonya jembe.

"Sikuja kwa ajili yako," amesema. "Huyu alinifundisha kubeba mtoto mgongoni."

Akatoa simu yake kwenye fundo la kanga, akampigia Ta Kalokola. Nimesikia kila neno la upande wake. "Mwenyekiti, aliyekosewa ni mimi. Marehemu hakukosa kitu. Niko hapa kwake, na ndizi zangu zimeshafika. Mwambie Severini apige simu." Amesikiliza. "Basi kama sheria haina pa kupita, nitachimba mwenyewe. Mje mwone mjane anachimba."

Akakata. Akakaa chini na jembe miguuni, hakunipa.

Saa kumi wamekuja wa kwanza, wanaume wanne na majembe yao. Hadi saa kumi na mbili uani hapapitiki. Kuni, ndizi, maji. Wametandaza nyasi ndani. Hakuna aliyenisalimia. Walimpa pole Justa, walimpa pole dada yangu. Mimi walinipita. Sikujali, haki ya Mungu, nilikuwa nahesabu vichwa kama mwendawazimu na kila kimoja namwonyesha Mama moyoni.

Jumatano, 16 Aprili

Amezikwa. Watu wengi. Wameimba mpaka mwisho, Walutheri wameimba na nyimbo zetu.

Ta Kalokola amesimama kutoa shukrani. Akamalizia kwa kusema kikundi kimekuja kwa ajili ya mama yetu, na adhabu ya mwanawe iko pale pale. Watu wameitikia. Ni haki. Imeniuma, lakini ni haki.

Nimemtafuta Ma Adera nimshukuru. Alikuwa ameshaondoka.

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imepita, sikula kitu cha maana. Kitanda cha Mama tumekitoa nje. Mkono wangu saa moja asubuhi bado unakwenda kutafuta kijiko.

Simu iko asilimia tisini na nne. Haijaita tangu Ijumaa.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo alfajiri nimesikia kilio upande wa Ta Gosbert. Safari hii ni kweli. Simu haikuita na sikutegemea iite. Justa ameitwa na jirani, mimi hapana. Ameniambia nibaki, nisitafute aibu nyingine.

Nimekwenda. Nimechukua jembe. Pale kaburini wanaume walikuwa wanapokezana, nikasimama kwenye zamu. Zamu ilipofika kwangu, aliyekuwa shimoni alimpa jembe mtu wa nyuma yangu. Nimelilaza jembe langu kwenye nyasi.

Nimeshuka kisimani na kina mama. Nimebeba maji. Ndoo ya kwanza walinong'ona, ya pili walinicheka, mwanaume mzima na kata ya ndoo kichwani. Kuanzia ya tatu wakaacha. Nimebeba ndoo saba. Kwenye pipa nimemkuta Ma Adera anateka maji ya kuoshea ndizi. Amesogea kidogo ili nipate pa kumimina.