Ruhusa ya Kutazama

Kampala, 4 mars 2024

Papa,

Jambo sana. Muko aje na maman? Mugongo yake ilipona? Mimi niko, Mungu anasaidia, lakini nimechoka, na leo nitakuambia kabisa juu ya nini.

Maquette, ule muchoro ulichora ya site ya internet ya wamama wa kahawa wa Idjwi, nimeipata. Iko muzuri. Lakini Papa, umeituma tena picha moja kubwa, sawa affiche ya ku ukuta. Mimi ninashinda ku bureau, nikirudi ninaanza kukata ile picha kipande kwa kipande: kila bouton ya kubonyeza ninaikata, kila rangi ninaikisia, kila nafasi ninaipima kwa macho. Na watu watafungua site ku telephone. Kule affiche yako inakuwa kadogo, hakuna mutu anasoma.

Kuna logiciel ingine, programu ya kuchora, inafunguka ku internet. Wewe unachora mule, mimi ninaingia mule mule, ninaona vipimo vyote, ninajenga page. Tujaribu hiyo. Kama hapana, hii ndiyo kazi ya mwisho tunafanya pamoja. Sisemi kwa hasira, nguvu ndiyo imeisha.

Mutoto wako,
Larissa


Nyalukemba, 11 mars

Asinge, mwana wani.

Tuko. Mugongo ya maman inauma asubuhi tu, akifika soko anaisahau. Mimi ni macho, inaendelea kupunguka.

Logiciel yangu ya zamani nilijifunza nayo wakati ulikuwa ungali unavaa uniforme ya masomo. Haiombi internet. Courant ya umeme ikikuja, inafunguka. Courant ikienda, tunalala wote wawili. Hiyo yako inataka réseau, na hapa kwetu réseau ni mugeni mukubwa: anasalimia, anapita. Itanibidi niende Muhumba ku bureau ya Modeste, ule nilifundisha kuchora, kila mara ninataka kusogeza mustari.

Lakini sitaki unikatalie kazi. Siku zote ninasema mbele ya watu: mimi ninachora, binti yangu anajenga. Ifungue, unitumie njia ya kuingia.

Papa yako,
Emile


Nyalukemba, 20 mars

Larissa,

Salamu. Maman anakusalimia, hajui ninaandika nini.

Jana nilienda kwa Modeste. Alifungua ile njia mbele ya vijana wake wa kazi. Maquette yangu ilikuwa mule, ile nilichora na hii mukono. Nikataka kushusha kichwa cha page kidogo. Mashine ikaandika kwamba mimi niko na ruhusa ya kutazama tu, niombe mwenye fichier, mwenye ile kazi. Mwenye fichier ni wewe. Modeste akasema, "Papa, mutoto amekufungia nyumba." Alikuwa anachekesha tu. Vijana walicheka, mimi sikuweza.

Baba haombi ruhusa ku mulango ya mutoto wake. Nimerudi ku logiciel yangu.

Emile


Kampala, 22 mars

Papa yangu,

Jambo, na unisamehe mbele ya yote.

Nilifunga makusudi, sitakudanganya. Unakumbuka site ya paroisse, ile ya kanisa? Nilikuwa nimeshamaliza page zote, wewe ukaamka ukabadilisha rangi bila kuniambia, nikaanza upya. Niliogopa ile irudi. Lakini ilifaa nikuambie mimi kwa mudomo, si mashine ikuambie mbele ya vijana.

Nimefungua. Sasa unaweza kugusa kila kitu, hata kufuta. Ingia, Papa.

Mutoto wako,
Larissa


Kampala, 19 mai

Papa,

Jambo. Maman anasema uko muzima, unakula. Kila nikipiga simu anasema uko unaoga. Mutu gani anaoga vile?

Ku maquette hakuna kitu uligusa. Christine, mukubwa wa wale wamama wa Idjwi, anaulizia site bila kuchoka. Ninajaribu peke yangu nikitoka kazi, na inakuwa mbaya, ninaona vile. Najua kujenga, sijui kuchora. Chagua logiciel unataka, hata ile ya zamani, nitakata picha. Ile neno ya kazi ya mwisho nimeirudisha mu kinywa changu.

Ninakukumbuka sana.

Mutoto wako,
Larissa


Nyalukemba, 2 juin

Asinge, mwana wani.

Tuko wazima. Mugongo ya maman imetulia. Hasira yangu iliisha zamani, aibu ndiyo ilibakia.

Usikate picha tena. Nimechora upya ku karatasi na crayon, upana wa telephone, sababu Christine alinionyesha affiche yangu ku telephone yake na mimi mwenyewe nilishindwa kusoma. Vipimo nimeandika pembeni. Modeste atapiga karatasi picha, akutumie. Logiciel chagua wewe, mimi nimechoka kuchagua.

Kuna kitu haujui. Tangu mwezi wa avril ninaenda kwa Modeste kila siku ya jeudi. Ninafungua fichier yako, sigusi. Wewe ukiwa mule, ku kioo ya mashine kunakuwa kamushale kanatembea na jina lako. Ninakaa ninaangalia: Larissa anasogeza bouton, anairudisha, anaisogeza tena. Modeste anafikiri ninajifunza.

Jeudi iliyopita kamushale kalisimama katikati ya page, hakakusogea. Nikajua usingizi umekukamata juu ya mashine. Modeste alitaka kufunga bureau, nikamuomba angoje. Nikakaa pale, ninakuchunga, mpaka ukaamka.

Papa yako