Wote Tulisema Ndiyo

Jumapili, saa tisa alasiri. Wingu limetanda Sofu yote, mtaa wetu hapa Kibaha, tangu tulipotoka kanisani, lakini mvua haidondoki. Joto limejifungia ndani pamoja nasi. Mama amejilaza kidogo. Mimi nimekaa barazani na simu, naandika, nafuta, naandika tena.

Mabega yananiuma kwa jua la jana. Nikifumba macho bado naona maji.

Shajara, jana nilipanda boti kwa mara ya kwanza maishani. Zuhura na Neema wameshaweka picha, na katika picha zote tunacheka. Zilipigwa asubuhi. Wakati wa kurudi hakuna aliyetoa simu.

Nataka kuandika ilivyokuwa kabla sijaanza kuamini zile picha.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Zuhura ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, na mama yake anauza vitenge pale Kwa Mathias, hapahapa Kibaha. Tulipomaliza mtihani wa kidato cha nne, mama yake alisema tumejitahidi, atatutafutia kitu cha kukumbuka. Mdogo wake, Mjomba Salumu, ni nahodha wa boti inayotembeza wageni upande wa Bagamoyo. Jumamosi ambayo tajiri wake hana wageni, tungeweza kwenda. Tulikuwa wanne: Zuhura, Neema ambaye mdomo wake haupumziki, Boni, na mimi.

Boni kwao ni Masaki, hii ya Kisarawe. Mtu akimdhania ni wa ile Masaki ya Dar anamrekebisha mwenyewe: "Yangu ni ile yenye mihogo, mwanangu." Sasa hivi anakaa hapa Kibaha kwa mama yake mdogo. Tulikaa dawati moja miaka miwili. Yeye alikuwa anachekesha darasa zima, mimi nilikuwa namwazima kalamu. Nadhani hivyo ndivyo watu walivyotujua sisi wawili.

Tulifika Bagamoyo asubuhi. Bahari ilikuwa imetulia hata nikashangaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawimbi, nikakuta maji yamelala kama shuka lililopigwa pasi. Mjomba Salumu alikuwa anatusubiri ndani ya boti, suruali ameikunja hadi magotini.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Kabla hamjapanda, wote mnajua kuogelea?"

"Ndiyooo!"

Ilitoka kwa pamoja, kwa sauti ndefu. Na mimi nikiwemo.

Sijui kama mtu ambaye hakusoma shule zetu anaweza kuelewa. Hatukukaa tukapanga kudanganya. Mwalimu akiuliza "Tumeelewa?" sisi tunajibu "Ndiyooo" kabla hajafunga mdomo, hata kama kilichoandikwa ubaoni hatujawahi kukiona. Tumefanya hivyo tangu darasa la kwanza. Kidato cha kwanza niliwahi kunyoosha mkono nikasema mimi sijaelewa. Kengele ya mapumziko ilikuwa imeshalia. Mwalimu alirudia somo lote, na darasa zima likaguna. Sikunyoosha tena.

Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa hiyo ile "Ndiyooo" imenilea hadi nyumbani.

Mjomba Salumu alicheka. "Watoto wa Kibaha mnaogelea wapi? Mtoni Ruvu, na mamba?"

"Mjomba, sisi ndio mamba wenyewe!" Neema akajibu.

Basi akaridhika. Akagawa majaketi ya kuokolea, yale ya rangi ya machungwa. Yalikuwa matano ndani ya boti. Moja alikuwa amelivaa yeye, na jingine kishikizo chake kilikuwa kimekatika. Akasema, hilo achukue anayeogelea vizuri kuliko wote, maana bahari leo ni kama beseni. Wenzangu walikuwa wameshavaa. Likabaki kwangu kwa sababu nilikuwa wa mwisho kupanda, kama kawaida yangu.

Nikalivaa. Nikalifunga kiunoni kwa mtandio wangu, mafundo mawili.

Mimi nisiyejua kuogelea hata kidogo, nikavaa jaketi la anayeogelea kuliko wote.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sentensi ingekuwa fupi tu. Niliipanga kichwani, nikaipanga tena kwa adabu zaidi, na nilipokuwa bado naipanga, injini ikanguruma.

Siwezi kusema haikuwa nzuri. Tulienda sambamba na pwani, si mbali sana, tukiona mikoko na mapaa ya makuti na watoto wakitupungia mikono. Upepo uliingia hadi ndani ya masikio. Zuhura aliimba. Neema alipiga picha kila kitu, hata dumu la mafuta. Mimi nilishika mtandio wangu na kuhesabu mafundo kwa vidole.

Ndipo nikaona mkono wa Boni.

Alikuwa amekaa katikati kabisa ya benchi, anatania kuliko siku zote, anamwuliza Mjomba Salumu kama samaki nao huwa wanasikia kiu. Wote walikuwa wanacheka. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania ubao chini ya benchi, na vidole vilikuwa vimekakamaa.

Nikakumbuka kidato cha pili. Boni alikosa shule wiki nzima, na aliporudi aliwaambia watu alikuwa na malaria. Mimi peke yangu aliniambia ukweli, kwa kunong'ona, huku anaangalia daftari. Alikuwa ameenda Masaki, akatumwa maji lamboni, akateleza na ndoo yake. Alizama. Mwendesha bodaboda aliyekuwa anapita na magunia ya mkaa ndiye aliyemvuta kwa kola. Tangu siku hiyo haingii kwenye maji yanayopita magoti. Aliniambia, "Usimwambie mtu. Nitachekwa mpaka namaliza shule." Sikumwambia mtu.

Kwa hiyo ndani ya boti ile nilijua kwa hakika watu wawili wasiojua kuogelea. Na wote wawili tulikuwa tumesema ndiyo.

Tulishuka kwenye fungu la mchanga, tukala wali na samaki aliopika mama Zuhura, tukacheza pale ambapo maji yanafika kwenye vifundo vya miguu. Huko hakuna aliyeogelea na hakuna aliyeuliza. Nilianza kupumua. Nikajiambia siku inaisha, tutarudi, hakutakuwa na lolote.

Tukiwa tunarudi, Mjomba Salumu alizima injini katikati ya maji ya bluu iliyokolea.

"Hapa ndipo wageni wanapopenda kujirusha," alisema. "Pana kina kizuri na mkondo hakuna. Haya mamba wa Ruvu, nawapa dakika kumi." Akashusha ngazi ndogo nyuma ya boti, kisha akatugeuzia mgongo, akainama kubadilisha dumu la mafuta.

Maji yalikuwa yanagonga ubavu wa boti, kidogokidogo.

Neema akawa wa kwanza, kwa sababu hawezi kuvumilia kimya. "Haya Boni. Mwanaume ni wewe peke yako hapa."

"Mi nalinda mabegi," Boni akasema. "Mkienda wote, samaki wataiba simu."

"Acha zako! Mwanaume mzima unaogopa maji ya chumvi?"

"Simama bwana, narekodi," Zuhura akasema, simu mkononi.

Boni akasimama. Alikuwa anacheka. Akapanda kwenye ukingo wa boti, Neema akapiga kelele, "Na boya? We mtoto mchanga?" Nikasikia kishikizo cha jaketi lake kikilia: ta. Akalitupa kwenye benchi, karibu na goti langu.

Niliangalia miguu yake. Vidole vilikuwa vimeukunjia ukingo kama vya kuku kwenye fito.

"Hesabuni basi," alisema.

Shajara, hapa nataka kuwa mkweli. Sikufanya haraka. Nilifikiria kusema, "Boni hajui kuogelea." Halafu nikaona mgongo wake, nikakumbuka ahadi yangu, nikaona jinsi Neema angecheka. Na simu ya Zuhura ilikuwa inarekodi. Nilifikiria hayo yote huku mwenzangu amesimama juu ya maji.

"Moja!"

Nikafungua mdomo.

"Mbili!"

"Mimi sijui kuogelea."

Nilisema kwa sauti ndogo mno, hakuna aliyesikia. Nikasimama. Boti ikayumba, nikashika shati la Boni kwa nyuma, nikasema tena kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwangu. "Mimi sijui kuogelea!"

Neema akanigeukia. "Sasa wewe nani kakuambia uruke?"

Nilibaki nimeshika shati la mtu, machozi yananitoka.

Lakini Mjomba Salumu alikuwa ameshageuka.

"Nani hajui?"

"Mimi, mjomba. Asubuhi nilisema ndiyo. Sijui hata kidogo."

Aliniangalia, akaangalia mtandio wangu kiunoni. Uso wake ulibadilika. Akamnyooshea kidole Neema. "Na wewe?"

"Najua kidogo."

"Kidogo ndiyo nini?"

Neema akainamisha kichwa. "Sijui, mjomba."

"Zuhura?"

Zuhura akashusha simu. "Sijui, mjomba. Kwa Mathias tungejifunzia wapi?"

Boni alikuwa bado yuko ukingoni, mgongo kwetu. Mjomba Salumu hakumwuliza. Alishusha sauti, akasema kwa upole wa kutisha, "Baba, kaa chini. Taratibu. Hapohapo ulipo, kaa." Akamsogelea hatua moja, hatua ya pili, akamshika kiunoni kwa mikono miwili na kumvuta ndani. Wakaanguka wote kwenye sakafu ya boti.

Hakuna aliyecheka.

Baadaye alivua jaketi lake mwenyewe akanivisha mimi, akafunga vishikizo vyote kimoja kimoja kama anamvisha mtoto wa chekechea. Nilitegemea atagomba. Alisema tu, "Ningewatafutaje wanne, mimi mmoja?"

Halafu, akiwa anawasha injini, akasema jambo ambalo limenikaa kifuani hadi sasa. "Mngeniambia tu. Pale pwani stoo imejaa majaketi. Ningewachukulia."

Yalikuwepo. Muda wote yalikuwepo.

Tulirudi, bahari bado imelala vilevile kama vile haikuhusika. Boni hakutania tena. Tuliposhuka Kwa Mathias hakuniangalia, alisema "Poa" kwa wote, akapanda bodaboda akaenda zake.

Jana jioni mama aliniuliza, "Mlifurahi?" Nikasema ndiyo. Hata hakuwa amemaliza kuuliza, macho yake bado yako kwenye viatu vyangu kuona kama vimelowa.

Leo kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu. Moja, mbili. Kama Boni angehesabu mwenyewe, kwa haraka, leo ningekuwa naandika nini? Watu wakisikia hii hadithi watasema nilikuwa jasiri. Sikuwa. Nilikuwa na siku nzima, nikatumia sekunde ya mwisho.

Na bado sijui kama nilimsaidia au nilimwaibisha.

Nilipofika hapo kuandika, simu ikatetemeka. Ni Boni. Ameandika neno moja tu.

"Ulikumbuka?"

Najua anauliza kuhusu lambo. Hakuna darasa nyuma yangu, hakuna wa kuitikia naye. Nimejibu, "Ndiyo."

Ameona. Kisha ameandika: "Mjomba Salumu kasema atatufundisha, pale maji yanapoishia magotini. Mi naenda. We?"

Bado sijamjibu. Nataka kwanza nijiulize kama kweli nataka, au nimezoea tu kukubali. Nadhani nataka. Naogopa, lakini nataka. Nitamwandikia yote mawili.

Nasikia vikombe jikoni. Mama ameamka. Atakuja kukaa hapa na chai yake, ataona mabega yangu yalivyoiva, ataniuliza tena kuhusu jana.

Safari hii nitamwacha amalize swali.